Kidhibiti cha Kitimwendo cha Umeme

Tangu kanuni za Waziri wa wakati huo, John Michuki, zianze kutekelezwa Februari 2004, abiria wa matatu nchini Kenya wanajua kidhibiti mwendo ni nini: kifaa cha kuzuia gari lisizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaolitumia jina hilo kwa kifaa cha kuendeshea kitimwendo cha umeme. Dereva wa Kondele, Kisumu, akilisikia ataelewa kitu cha kuzuia tu, ilhali hiki pia hukiondoa kiti, hukigeuza na kukisimamisha.

Kifaa chenyewe kina sehemu mbili. Kuna kijiti kinachosimama mbele ya kiegemeo cha mkono, ambacho vijana wa michezo ya video hukiita joistiki. Halafu kuna kisanduku cha elektroniki kinachopokea agizo la kijiti na kuamua kila mota ipate umeme kiasi gani. Mara nyingi mota ni mbili, moja kwa kila gurudumu la kuendeshea, na betri ni mbili za volti 12. Ukisukuma kijiti mbele na kushoto, gurudumu la kulia huzunguka kwa kasi zaidi kuliko la kushoto, na kiti kikapinda. Kisanduku hicho ndicho ningekiita kidhibiti, bila kuongeza neno. Kijiti kibaki kijiti.

Wapo wanaosema usukani. Usukani huelekeza tu, hauondoi chombo. Anayekikaribia kijiti ni nahodha wa mashua pale Dunga, anayeshika mkono wa injini na kuamua kwa mkono huohuo mwelekeo na kasi. Ila yeye akiusukuma mkono ule kulia, mashua huenda kushoto. Kiti huenda kule ulikokielekeza kijiti. Tena mashua haina breki.

Hapa kwenye breki ndipo watu wengi hukosea. Ukikiachia kijiti, springi hukirudisha katikati, kidhibiti hupunguza umeme, kiti husimama na breki hujifunga. Kinachozifunga breki ni springi zake zenyewe. Umeme kazi yake ni kuzifungua. Ndiyo sababu kiti kilichozimwa au kuishiwa chaji hakisukumiki, hadi uvute wenzo wa kuziachia. Wenzo huo ukishavutwa, kidhibiti hakina tena uwezo wa kukishika kiti, na uzito wote pamoja na wa aliyekalia unabaki mikononi mwa anayesukuma. Kwenye mteremko wa kuingilia kivuko cha Luanda Kotieno kwenda Mbita, usiuguse kamwe kama hakuna watu wa kutosha kukishikilia.

Kiti kizimwe kabla ya mtu kuhamia kwenye gari au kitandani, kwa kuwa kiwiko kikigusa kijiti wakati kidhibiti kimewashwa, kiti huondoka na mtu akiwa nusu hewani. Leso iliyotandazwa magotini nayo huweza kukinasa kijiti na kukizuia kisirudi katikati, basi ikunjwe vizuri. Kasi iwekwe chini kabisa katika msongamano wa Soko la Kibuye. Tena ile raba inayozunguka shina la kijiti ikaguliwe mara kwa mara: ikipasuka, mvua ya alasiri hupenya hadi kwenye elektroniki, na kidhibiti chenye maji hakiaminiki.

Utingo, mwanafunzi, muuguzi, nawe jirani mwenye nia njema: kijiti ni cha aliyekalia kiti. Usikishike kwa kuwa unataka kumharakisha avuke barabara. Muulize kwanza, usikilize anavyotaka asaidiwe, na ukitakiwa kusukuma, mwombe akizime kiti na akuonyeshe wenzo wa breki ulipo. Mkifika, uurudishe wenzo mahali pake kabla hujaachia mikono.