Kila Mbinu Ina Picha Yake ya Mtoto

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709, nyumba ya kasisi wa Epworth, kijiji cha Lincolnshire nchini Uingereza, iliteketea. Wa mwisho kuokolewa alikuwa John, mvulana wa miaka 5, aliyetolewa kupitia dirishani. Nyumba ilipokuwa ikijengwa upya, watoto wa familia hiyo waligawanywa kwa watu mbalimbali. Waliporudi, mama yao, Susanna Wesley, hakufurahi. Walikuja na nyimbo za ovyo na matamshi ya mtaani, na Siku ya Bwana walikuwa wamezoea kuichukulia kama siku nyingine yoyote. Akaanza kuwafundisha upya.

Habari hizi tunazo kwa sababu John, alipokuwa mtu mzima, alimwomba mama yake amwandikie jinsi alivyowalea. Alijibiwa kwa barua ndefu mwaka 1732, na barua hiyo ingali inasomwa na wazazi Wakristo wanaotaka kufundisha watoto wao nyumbani.

Ratiba ya Susanna ilikuwa saa 6 kwa siku, 3 asubuhi na 3 alasiri. Mtoto alianza kusoma alipotimiza miaka 5, na siku ya kwanza alitakiwa kuzijua herufi zote. Kesho yake alifungua sura ya kwanza ya Mwanzo na kuanza kuunganisha maneno. Msichana hakufundishwa kushona kabla hajajua kusoma vizuri, jambo lililokuwa geni kabisa zama hizo. Na karibu kila mtoto alikuwa na jioni yake ya kukaa na mama peke yao. Ya John ilikuwa Alhamisi.

Lakini barua hiyo ina upande mwingine. Susanna aliamini kwamba utashi wa mtoto ndio mzizi wa dhambi, kwa hiyo sharti uvunjwe mapema. Walipotimiza mwaka mmoja, na wengine hata kabla, wanawe walifundishwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Ni kweli pia kwamba mtoto aliyekiri kosa lake bila kudanganya hakuchapwa. Kwake, ukali na huruma vyote vilitoka katika imani ileile.

Waliomsifu Susanna kwa kawaida hutaja wanawe wawili, John na Charles, waanzilishi wa harakati ya Wamethodisti. Ila John alipelekwa shule ya Charterhouse mwaka 1714, na Charles akapelekwa Westminster miaka 2 baadaye. Waliobaki kusomea nyumbani hadi mwisho ni mabinti. Mmoja wao, Mehetabel, aliyeitwa Hetty, alisoma Agano Jipya kwa Kigiriki akiwa na miaka 8, akaja kuwa mshairi. Alipopata mimba nje ya ndoa aliozwa kwa fundi bomba ambaye hawakuendana kwa lolote, na baba yake akamgeuzia mgongo. Mama ni yuleyule, na ratiba ni ileile. Njia iliyomfikisha John alikofika haikuweza kumlinda dada yake.

Karne moja na nusu baadaye, mwanamke mwingine wa Kanisa la Uingereza alianza na picha tofauti. Charlotte Mason, aliyezaliwa mwaka 1842, alishikilia kwamba mtoto ni mtu kamili tangu anapozaliwa, mwenye uwezekano wa wema na wa uovu. Mtu havunjwi, bali hulishwa. Mwaka 1886 alichapisha mihadhara yake ya Bradford, kisha akahamia Ambleside, na kuanzia mwaka 1891 akawa anatuma programu za masomo kwa posta kwa familia zilizofundisha nyumbani.

Vipindi vyake vilikuwa vifupi, vya dakika 15 au 20 kwa wadogo. Hakutaka masomo rasmi kabla ya miaka 6. Mtoto akae nje, aangalie ndege na majani. Vitabu viwe vya waandishi wanaolipenda somo lao. Baada ya kusomewa mara moja tu, mtoto asimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Yeyote aliyelelewa na bibi mwenye hadithi anajua kwamba kusimulia upya si mchezo: usipokuwa umesikiliza, utaumbuka. Mwaka 1914 mbinu hiyo iliingia katika shule ya Drighlington, kijiji cha wachimba makaa ya mawe, na watoto wa wafanyakazi wakavisimulia vitabu vilevile vya watoto wa mabwana.

Mbinu ya tatu ilizaliwa mwaka 1947, mwandishi Dorothy Sayers alipotoa mhadhara Oxford. Alipendekeza kurudi kwenye mpango wa Zama za Kati: kwanza mtoto akariri, kisha ajifunze kubishana kwa hoja, mwisho ajifunze kusema kwa ufasaha. Sayers alikuwa binti wa kasisi aliyeanza kumfundisha Kilatini kabla hajatimiza miaka 7, na alisomea nyumbani hadi alipofikisha miaka 15. Baadaye Wakristo wa Marekani waliugeuza mhadhara huo kuwa msingi wa elimu yao ya kiklasiki.

Mason hakuwahi kuzaa. Mtoto pekee wa Sayers alilelewa na binamu yake. Hilo haliondoi thamani ya mawazo yao, lakini linamkumbusha mzazi kwamba waliyoyaandika hayakupimwa jikoni kwao, katikati ya ugali unaoungua na mtoto wa pili anayelia.

Leo familia ya Nairobi inaweza pia kuchagua vijitabu vya ACE, mfumo ulioanzishwa Texas mwaka 1970, ambapo mtoto hukaa kwenye meza yenye vizuizi na kujisomea hatua kwa hatua. Unampunguzia mzazi mzigo. Lakini ukiusoma kama tulivyozisoma njia nyingine, nao una picha yake: mtoto ni mfanyakazi anayekamilisha kazi peke yake. Na kabla ya kuchagua lolote, mzazi wa Kenya anapaswa kuisoma Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayomtaka ampeleke mtoto shuleni.

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza bei ya vitabu. Historia inaonyesha kwamba kuna swali linalotangulia hilo: unaamini nini juu ya mtoto uliyepewa? Anayeamini kwamba amezaliwa mkaidi atainunua ratiba, na hatimaye fimbo. Anayeamini ni mtu kamili itambidi avumilie kuona siku nzima ikiishia kwenye kuangalia mchwa. Wote wawili wanaweza kuwa wanasoma Biblia ileile.

Mimi ningeanza na desturi moja ya Susanna: jioni moja kwa kila mtoto, kila wiki. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari msomi wa Oxford, John alimwandikia mama yake akizililia Alhamisi zile.