Pengo la mapema: Jinsi ya kulinda nafasi ya jino la mtoto

KATIKA miji na vijiji vya mwambao wa Kilifi, kuanzia Mtwapa hadi Malindi na Mambrui, mtoto anapong'oka jino la utotoni nyumba hufurahi kwa kuwa ni dalili ya kukua. Jino hurushwa juu ya paa, na jipya likasubiriwa. Furaha hiyo ina msingi iwapo jino limetoka kwa wakati wake. Lakini gego la mtoto wa miaka 5 likitolewa kwa sababu limeoza, pengo linalobaki lahitaji kuangaliwa kwa makini.

Pengo hilo lisichanganywe na mwanya. Mwanya baina ya meno mawili ya mbele ni umbile, na Waswahili wameuhesabu kuwa urembo tangu jadi. Pengo la mapema ni nafasi iliyopoteza mlinzi wake.

Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni, na 8 kati ya hayo ni magego. Mbali na kutafuna, magego hayo hushikilia nafasi za meno ya kudumu yanayojiunda chini ya ufizi, na hutarajiwa kukaa hadi mtoto afikishe miaka 9 hadi 12. Kwenye umri wa miaka 6 hivi, gego la kwanza la kudumu huota nyuma yake. Likikuta pengo mbele yake, husogea na kuinamia huko. Sehemu kubwa ya nafasi inayopotea hupotea katika miezi 6 ya kwanza. Jino lililokusudiwa mahali hapo linapofika, hukuta pamezibwa. Basi huota upande, au hukwama ndani ya mfupa.

Kifaa cha kushikilia nafasi huzuia hali hiyo. Kile cha kawaida ni pete ya chuma kisichoshika kutu, inayovishwa jino la jirani na kugandishwa kwa saruji ya meno. Kutoka kwenye pete hutokeza kitanzi cha waya kinachovuka pengo hadi kugusa jino la upande wa pili. Iwapo magego yametolewa pande zote mbili za taya la chini, hutumiwa waya mmoja unaopita nyuma ya meno ya mbele, ukishikwa na pete mbili. Viko pia vya plastiki ngumu vinavyovaliwa na kuvuliwa.

Tofauti na nyaya za kunyoosha meno, kifaa hiki hakisukumi jino lolote. Huzuia tu yaliyopo yasisogee, na huondolewa jino la kudumu linapochomoza. Wala si kila pengo hukihitaji. Jino la mbele likitoka mapema, aghalabu nafasi haipotei. Na eksrei ikionyesha kwamba jino la kudumu li karibu kutoka, daktari huweza kusubiri.

Kwa vijana waliokwisha kunyooshwa meno, kipo kifaa cha jamaa moja, riteina, kinachozuia meno yasirudi yalikotoka. Riteina ya waya na plastiki iliyobuniwa na Charles Hawley wa Marekani mwaka 1919 ingali ikitumika. Isioshwe kwa maji ya moto wala kuachwa juani, kwani plastiki hupinda.

Suala hili si la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na meno yaliyooza. Hospitali za umma za Kilifi na Malindi zina vitengo vya meno, lakini bingwa wa kupanga meno mara nyingi hutafutwa Mombasa, takriban kilomita 120 kutoka Malindi. Kwa mzazi wa Magarini au Ganze, nauli pekee ni mzigo. Ndiyo maana kung'oa huonekana njia rahisi, ilhali gharama ya kunyoosha meno baadaye huwa kubwa zaidi.

Kabla ya kukubali jino ling'olewe, mzazi amuulize daktari mambo mawili: je, laweza kuzibwa au kutibiwa likabaki? Na likitolewa, nafasi yake itashikiliwaje?

Mtoto aliyewekewa kifaa apige mswaki mara mbili kwa siku na kuchunguzwa kila baada ya miezi 6. Halua, kashata na mabuyu ya sukari viepukwe, kwa kuwa hunata na kulegeza pete. Pete ikilegea, arejeshwe kliniki upesi, kwani chakula hujificha chini yake na kuozesha jino zima lililobaki.

Hata hivyo, hakuna kifaa kinachoshikilia nafasi vizuri kuliko jino lenyewe la utotoni likiwa zima.