Mshale umempata, mnyama amekimbia: mwindaji wa elki afuate lini?

Elki aliyechomwa mshale anaweza kuanguka kabla dakika moja haijaisha. Anaweza pia kutembea usiku kucha na kufia mbali, mahali ambapo hakuna mtu atakayemwona. Kinachoamua zaidi ni pale mshale ulipoingia. Lakini sehemu iliyobaki iko mikononi mwa mwindaji, naye ana swali moja la kujibu: afuate sasa hivi, au asubiri?

Akikosea, mnyama huteseka bure na nyama ya familia huozea porini. Wakati mwingine hata mwindaji mwenyewe huhatarisha maisha yake. Katika makala haya tunaeleza jinsi uamuzi huo unavyofanywa katika milima ya Marekani, kisha tunatazama jinsi Wahadzabe wa Tanzania wanavyolijibu swali hilohilo.

Elki ni mnyama gani?

Elki, ambaye pia huitwa wapiti, anaishi Amerika ya Kaskazini na sehemu za Asia. Kwa mbali unaweza kumdhania pofu, lakini si wa ukoo wa swala. Pembe zake zina matawi, huota kwa madume tu, na kila mwaka huanguka na kuota upya. Dume mkubwa hufikia kilo 300 na zaidi, kwa hiyo ni mzito kuliko nyumbu. Elki mmoja huweza kuilisha familia kipindi chote cha baridi.

Wengi wako katika milima ya Rocky, kwenye majimbo kama Colorado, Wyoming, Montana na Idaho. Msimu wa kuwinda kwa upinde huangukia zaidi mwezi Septemba, wakati wa kupandana, madume wanapotoa mlio mrefu kama filimbi wakishindania majike. Mwindaji huiga mlio huo ili kumvuta mnyama hadi umbali wa mita 20 hadi 40 hivi. Hapo ndipo huachia mshale.

Mshale hauui kama risasi

Risasi huvunja na kupasua kwa nguvu. Chembe cha mshale wa kuwindia kina makali kama wembe, nacho hukata. Mnyama hufa kwa kupoteza damu, au kwa mapafu kushindwa kuvuta hewa. Hilo huchukua muda, na muda huo hutegemea kiungo kilichokatwa.

Jambo la pili ni kwamba mnyama huenda asijue kilichompata. Mara nyingi hukimbia hatua kadhaa, husimama, hugeuka kutazama nyuma, kisha hutafuta mahali pa kulala. Akiachwa atulie, hufia hapo au karibu na hapo. Akimwona mtu, akimsikia au akinusa harufu yake, huinuka na kukimbia kwa nguvu zake za mwisho. Anaweza kwenda kilomita nzima au zaidi, na damu ikaacha kudondoka njiani. Ndiyo maana wawindaji wazoefu husema kazi ngumu kuliko zote ni kukaa chini na kungoja.

Dakika za kwanza

Baada ya kuachia mshale, mwindaji hatoki alipo. Hutazama na kusikiliza. Huweka alama akilini: mnyama alisimama karibu na mti gani, na mara ya mwisho alionekana akipita jiwe gani. Hutazama saa, kwa sababu mtu mwenye pupa huona dakika 5 kama nusu saa. Wengine huiga mlio wa elki jike mara moja, ili mnyama asimame badala ya kuendelea kukimbia.

Mwendo wa mnyama pia hutoa habari. Anayetimka kwa kasi, kisha ukasikia matawi yakivunjika na baadaye kimya, huenda amepigwa kifuani. Anayeondoka polepole, mgongo umekunjika na kichwa kimeinama, mara nyingi amepigwa tumboni.

Kusoma mshale na damu

Mambo yakitulia, mwindaji husogea taratibu hadi mahali mnyama aliposimama na kuutafuta mshale. Hizi ndizo dalili anazozitafuta, na muda wa kungoja unaofundishwa mara nyingi:

Mapafu: damu nyekundu angavu, inayokaribia rangi ya waridi, yenye vipovu vidogo. Husubiri dakika 30 hadi saa 1.

Moyo au mishipa mikubwa: damu nyingi nyekundu, iliyorushwa huku na huko. Muda ni uleule wa mapafu, ingawa kwa kawaida mnyama huwa ameshakufa kabla.

Ini: damu nzito ya rangi iliyokoza, isiyo na povu. Husubiri saa 4 hadi 6.

Tumbo au utumbo: damu kidogo, majimaji ya kijani au kahawia, vipande vya majani yaliyotafunwa, na harufu mbaya kwenye mshale. Husubiri saa 8 hadi 12.

Misuli ya mguu au bega: damu nyingi mwanzoni, kisha matone yanapungua hadi kukatika. Hapa wawindaji hawakubaliani. Wapo wanaosema mnyama afuatwe mapema ili jeraha lisigande, na wapo wanaosema aachwe atulie.

Dalili moja haitoshi. Damu inaweza kuwa nyekundu angavu ilhali mshale unanuka utumbo, kwa sababu umepita sehemu mbili. Kanuni ya wengi ni hii: dalili zikipingana, fuata ile inayodai muda mrefu zaidi. Ukimkuta elki aliyekufa saa 3 zilizopita, hujapoteza kitu kikubwa. Ukimwamsha elki aliye hai mwenye jeraha la tumbo, unaweza usimwone tena.

Saa zinapogombana na hali

Kanuni hizo zingekuwa rahisi kama porini pangekuwa na mwindaji na mnyama tu. Kuna mambo manne yanayobana muda.

Mvua na theluji huosha au kufunika damu. Joto huharibu nyama: ngozi nene ya elki na mwili wake mkubwa hushikilia joto, na nyama huanza kuoza kutoka ndani, karibu na mfupa wa paja. Giza huficha dalili. Na kuna wanyama wala nyama. Katika sehemu za Wyoming, Montana na Idaho wapo dubu wakubwa aina ya grizzly, na wawindaji wameshawahi kushambuliwa walipofika kwenye mzoga ambao dubu ameshaufanya wake. Kwa hiyo wengi hubeba kopo la dawa ya pilipili ya kumfukuza dubu, na hawaendi peke yao.

Tuchukue mfano. Mwindaji amechoma elki saa 11 jioni, na mshale unanuka utumbo. Mbingu ni nyeupe na usiku wa mlimani utakuwa baridi. Hapo jibu liko wazi: arudi kimyakimya kwa njia aliyokuja nayo, alale, na aanze kufuata alfajiri. Badala yake tuseme mawingu ya mvua yamefunga. Sasa akingoja hadi asubuhi alama zote zitakuwa zimeoshwa, na akienda sasa anaweza kumwamsha mnyama. Wengine huamua kufuata damu hatua chache tu ili wajue uelekeo, waweke alama, kisha warudi. Hapo hakuna jibu lisilo na hasara. Mwindaji huchagua hasara iliyo ndogo.

Jinsi ya kufuata

Watu wawili au watatu wanatosha. Umati hukanyaga alama. Mmoja husimama kwenye tone la mwisho la damu, na mwingine hutafuta lijalo. Hutembea kando ya njia ya mnyama, si juu yake. Kila penye tone hufunga kipande cha utepe au karatasi. Wakigeuka nyuma, mstari wa alama hizo huwaonyesha mnyama alikuwa akielekea wapi.

Damu haiko chini tu. Hupakwa kwenye majani na mashina, kwenye kimo cha tumbo la mnyama. Panapokosa damu hutazamwa nyayo, mawe yaliyopinduka na nyasi zilizolala. Na kila baada ya hatua chache macho huinuliwa kutazama mbele, kwani elki aliyelala anaweza kuwa anawatazama wao.

Alama zikipotea kabisa, hukaguliwa kwanza njia za wanyama, vichaka vizito na mahali penye maji. Kisha eneo hupitiwa mstari kwa mstari. Akipatikana amelala, husogelewa kwa nyuma na kuguswa jicho kwa fimbo ndefu. Asipopepesa, amekufa.

Sheria inasemaje?

Nchini Marekani wanyamapori hawamilikiwi na mtu binafsi, na kila jimbo lina kanuni zake za uwindaji. Majimbo mengi humtaka mwindaji ajitahidi kumpata mnyama aliyemjeruhi, na hukataza kuacha nyama iharibike. Baadhi huruhusu mbwa wa kunusa damu, akiwa amefungwa kamba; mengine hayaruhusu. Mnyama akiingia katika shamba la mtu, mwindaji anaweza kuhitaji ruhusa ya mwenye ardhi.

Zipo nchi zilizoamua kwamba hatari ya kujeruhi ni kubwa mno. Ujerumani na Uingereza zinakataza kuwinda paa wa jamii hiyo kwa upinde.

Wahadzabe na mshale wa sumu

Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadzabe wamekuwa wakifanya uamuzi huu tangu enzi za mababu zao. Kwa wanyama wakubwa hutumia mishale yenye chembe cha chuma kilichopakwa sumu ya mimea, ukiwemo waridi la jangwani. Sumu hiyo hushambulia moyo, nayo huhitaji muda kufanya kazi.

Kwa hiyo subira ni sehemu ya silaha yenyewe. Mwindaji akishachoma pundamilia au twiga, hamkimbizi. Huangalia alikoelekea, kisha aghalabu hurudi kambini kuwaita wenzake, na wakafuata nyayo baada ya saa kadhaa au asubuhi yake. Wao pia hushindana na saa: fisi na simba wanaweza kutangulia, na tai wanaozunguka angani huwa ishara kwa mtu na kwa mnyama. Nyama ikipatikana hugawanywa kambini, kwa hiyo uamuzi wa mtu mmoja kwenda au kungoja huwagusa wote.

Kwa msikilizaji wetu

Makala haya si mwaliko wa kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania sheria ya mwaka 2009 inataka kibali.

Hata hivyo, tunayoyaeleza hapa yanamhusu hata asiyewahi kushika upinde. Mnyamapori aliyejeruhiwa kwa mtego, gari au mkuki anaweza kuingia shambani au karibu na kisima chako. Ukiona damu au nyayo za nyati anayechechemea, usizifuate na usikusanye vijana wa kumfukuza. Mnyama anayefukuzwa hukimbilia kichakani, na nyati aliyejeruhiwa akiwa kichakani ni hatari kupita kiasi. Waondoe watoto na mifugo, kumbuka mahali ulipoona alama na saa uliyoziona, kisha mpigie mwenyekiti wa kijiji, chifu au askari wa wanyamapori aliye karibu nawe. Ukimweleza rangi ya damu, uelekeo na muda uliopita, atajua aje na nani, na aje vipi.