Mrekebishaji na mvumbuzi: namna haiba inavyoongoza ubunifu kazini

Mwezi Oktoba mwaka 2005, watu wasiofikia 500 katika miji ya Nairobi na Thika nchini Kenya walianza kuijaribu huduma mpya ya fedha kwa simu ya mkononi. Kusudio lake lilikuwa kuwarahisishia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Watumiaji, hata hivyo, waliipa huduma hiyo kazi nyingine: wakaanza kutumiana pesa. Ilipozinduliwa rasmi na kampuni ya Safaricom mwezi Machi mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, huduma hiyo ilijengwa juu ya hitaji la kutuma fedha nyumbani, na mwaka uliofuata ilivuka mpaka na kuingia Tanzania.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa wazo moja, lakini kazi yenyewe ilikuwa na sura mbili. Lilihitajika jicho la kutambua kwamba lengo la awali halikuwa na budi kugeuzwa. Ilihitajika pia mikono mivumilivu ya kutengeneza menyu nyepesi inayofanya kazi katika simu ya bei nafuu, kusawazisha hesabu, kufundisha mawakala na kuhakikisha kwamba hawaishiwi na fedha taslimu. Swali linalowashughulisha wataalamu wa saikolojia ya kazi ni iwapo sura hizo mbili hutoka kwa watu wa hulka moja.

Njia mbili za kutatua tatizo

Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Uingereza, Michael Kirton, alichapisha nadharia inayowapanga watu katika mstari mmoja kulingana na namna wanavyopendelea kutatua matatizo. Kipimo chake kina vipengele 32, na alama zake huanzia 32 hadi 160. Upande mmoja wapo warekebishaji, upande wa pili wapo wavumbuzi, na walio wengi huangukia katikati.

Mrekebishaji huupokea mfumo uliopo na kujiuliza namna ya kuufanya uwe bora zaidi. Mawazo yake huwa machache lakini yanatekelezeka, hujali usahihi, na huheshimu kanuni pamoja na maafikiano ya wenzake. Mvumbuzi huanza kwa kuuhoji mfumo wenyewe. Mawazo yake huwa mengi, mengine hayana mahali pa kutumika, na kanuni humchosha upesi.

Kirton alisisitiza jambo ambalo waajiri wengi hulisahau: mtindo si kipimo cha uwezo. Mtu anaweza kuwa mvumbuzi mwenye mawazo hafifu, na mrekebishaji akawa na kipaji cha hali ya juu. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, wote wawili ni wabunifu. Kama wahenga walivyosema, akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Gharama ya kudharauliana

Tatizo huanza pale kila upande unapoutazama mwingine kwa jicho lake. Mvumbuzi humwona mrekebishaji kuwa mtu aliyeganda katika mazoea. Mrekebishaji naye humwona mvumbuzi kuwa mtu wa fujo asiyemaliza alichokianza. Meneja akiegemea upande mmoja katika kuajiri na kupandisha vyeo, taasisi hubaki na watu wanaofikiri kwa namna moja.

Taasisi iliyojaa wavumbuzi huweza kuanzisha miradi mingi na kushindwa kuitunza, kwa kukosa mtu wa kuziba ufa kabla haijalazimu kujenga ukuta. Iliyojaa warekebishaji huweza kuboresha kwa ustadi mkubwa bidhaa ambayo wateja wamekwisha kuihama.

Mtu anaweza kufanya kazi kinyume na mtindo wake pale hali inapodai. Hata hivyo, Kirton alieleza kwamba kujilazimisha huko kuna gharama, na kunapoendelea kwa muda mrefu humchosha mfanyakazi. Ndiyo maana alithamini watu wa katikati wanaoweza kuwa daraja kati ya pande mbili na kuzifasiriana hoja zao.

Sauti kubwa si dalili ya wazo bora

Haiba huamua pia ni nani anayesikika. Katika miaka ya 1950, Mmarekani Alex Osborn alieneza mtindo wa vikao vya kuchangia mawazo kwa pamoja na bila kukosoana. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1958 ulionyesha, kinyume na matarajio, kwamba watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa, walipata mawazo mengi kuliko wanne walioketi pamoja.

Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walibainisha sababu mojawapo kubwa: mmoja anapozungumza, wengine hungoja zamu, na katika kungoja huko mawazo yao hukwama au hupotea. Ni rahisi kuona kwamba katika ukumbi wa namna hiyo mtu mkimya hupoteza zaidi. Dawa yake haina gharama: kila mshiriki aandike mawazo yake kwanza, kisha yasomwe na kujadiliwa.

Hulka si hatima

Miongoni mwa sifa tano kuu za haiba zinazotumiwa na wanasaikolojia, utayari wa kupokea mambo mapya ndio unaohusishwa zaidi na ubunifu. Hata hivyo, mazingira yana nguvu yake. Teresa Amabile wa Chuo Kikuu cha Harvard ameonyesha kwamba mtu hubuni vizuri zaidi anapovutwa na kazi yenyewe. Amy Edmondson, wa chuo hicho hicho, alionyesha mwaka 1999 kwamba vikundi hujifunza zaidi pale wanachama wanapoamini kuwa hawataaibishwa kwa kuuliza au kukiri kosa.

Kwa kiongozi wa kazi, basi, swali la manufaa si nani mbunifu na nani si mbunifu. Linalofaa kuulizwa ni tatizo lililopo linadai nini kwa sasa, kubadili njia au kuinyoosha, na iwapo yule anayeijua kazi hiyo amepewa nafasi ya kusema.