Safari ya Pili ya Johnstone

Watu wakisimulia habari za Jomo Kenyatta kuenda majuu, husimulia kana kwamba alienda mara moja, akakaa, akarudi kuwa Rais. Wapi. Alienda mara mbili, na katikati kuna miezi saba alipokuwa nyumbani. Hiyo miezi saba ndiyo hunivutia mimi, maana ni baada yake ndipo yule mgeni wa London alipogeuka kuwa mkaaji wa London. Nairobi hii kila familia ina mtu wake wa namna hiyo. Wa Doha, wa Dallas. Alikuja Disemba, akala nyama wiki tatu, akarudi, na ile kurudi ndiyo ikammeza.

Mara ya kwanza alipanda meli Mombasa Februari 1929. Wakati huo aliitwa Johnstone, na kabla ya siasa alikuwa amefanya kazi na manispaa ya Nairobi, kazi ya kusoma mita za maji. Aliyemtuma ni chama cha Kikuyu Central Association, KCA, na nauli ilikuwa ya michango ya watu. Ujumbe wake ulikuwa mashamba: Wagikuyu wanataka ardhi yao iliyochukuliwa na walowezi. London haikumpokea kwa mikono miwili. Aliandika barua magazetini, akapita hadi Moscow, jambo ambalo wakubwa wa koloni hawakulisahau, na tarehe 24 Septemba 1930 akashuka tena Mombasa.

Alikuta nyumbani kumechafuka. Wamisheni wa Scotland walikuwa wamewabana waumini wao waikatae tohara ya wasichana, na waikatae KCA pia, la sivyo watoke kanisani na watoto wao watoke shuleni. Watu wengi walitoka. Kusema kweli, kilichokuwa kikibishaniwa ni mwili wa msichana, na wanaopiga kelele pande zote mbili ni wanaume. Hilo halinifurahishi hata nikilisoma leo. Lakini kutoka kwenye vurugu hiyo watu walianza kujenga shule zao wenyewe, na Johnstone akasimama upande wa hizo shule. Alikuwa na jina sasa. Alikuwa ametoka Ulaya.

Alikuwa pia na nyumba. Mkewe Grace Wahu, kijana wao Muigai anayekaribia miaka kumi, na Margaret Wambui aliyezaliwa Februari 1928, mwaka mmoja hivi kabla baba hajaondoka mara ya kwanza. Huyo mtoto ndiyo kwanza anamfahamu babake.

Mwezi wa Mei 1931 akaondoka tena. Safari hii aliandamana na Parmenas Mockerie, na shughuli yenyewe ilikuwa fupi na wazi: kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa inajadili kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, na KCA ilitaka kusikika. Kamati ikakataa kuwasikiza. Waafrika wa Kenya waliosikizwa ni Chifu Koinange, James Mutua na Ezekiel Apindi, waliopelekwa kwa njia ya serikali.

Kwa hivyo kilichompeleka kilikufa mapema sana. Mbona hakurudi?

Nadhani jibu halikuwa moja, na halikuja siku moja. Nauli ya meli si pesa kidogo. Halafu, utarudi na nini mkononi? Watu walichanga. Mtu aliyekuja nyumbani mara ya kwanza akapokewa kama shujaa hawezi kuja mara ya pili aseme mlango haukufunguliwa. Ukiwauliza walio ng'ambo leo, wengi watakwambia hivyo hivyo, si kwamba wanapenda baridi. Basi unatafuta kitu kidogo cha kufanya huku ukingoja. Yeye alipata nafasi kwenye chuo cha Woodbrooke kule Birmingham, cha Wakweka, akanyoosha Kiingereza chake. Mwaka 1932 akatoa ushahidi London mbele ya tume ya ardhi ya Carter. Mwisho wa mwaka huo akaenda tena Moscow, safari hii kusoma, na 1933 akarudi London. Ona hapo. Nimeandika "akarudi London" bila kufikiria.

Alipanga chumba nambari 95 Cambridge Street, mtaa wa Pimlico. Siku hizi kuna kibao ukutani kinachosema aliishi hapo. Hakisemi kwamba kodi ilikuwa ikimshinda. Pesa kutoka nyumbani zilikuja zikitaka, kwa hivyo alifanya kibarua chochote. Alifundisha Kikuyu, na kule University College akawa msemaji wa kusikilizwa na wataalamu wa matamshi waliokuwa wakichunguza sauti za lugha yake. Yaani lugha ya mamake ndiyo ilimlisha. Akacheza pia sehemu ndogo kwenye filamu ya Sanders of the River ya 1935, ya Paul Robeson, filamu inayomsifu mtawala wa kikoloni. Adui mkubwa wa walowezi, amevalishwa kama kijana wa kijijini, analipwa kwa siku. Mimi simcheki. Njaa ya majuu ni njaa.

Kisha akasoma anthropolojia London School of Economics chini ya Malinowski, na 1938 akatoa Facing Mount Kenya. Ni hapo jina Jomo lilipotokea, na ile picha ya vazi la ngozi na mkuki. Kitabu ni kizuri na kilikuwa na hasira iliyohitajika. Lakini kisome ukijua mwandishi ana miaka saba hajaona kwao. Kijiji chake ni safi, wazee wanaelewana, kila mtu anajua pa kukaa. Ni nyumbani kunavyoonekana kutoka mbali. Ile vurugu aliyoikuta 1930 imetulizwa sana.

Vita vilipokuja alihamia Storrington, Sussex, akawa kibarua wa shambani. Mei 1940 serikali ya Kenya ikapiga KCA marufuku, kwa hivyo hata waliomtuma hawakuwepo tena kisheria. Mei 1942 akamuoa Edna Clarke, na Agosti 1943 wakapata mtoto, Peter Magana. Alikuwa na mke, mtoto, na mahali pa kunywa bia ambapo watu walimzoea. Hayo ndiyo maisha, hakuna jina lingine la kuyaita.

Septemba 1946, baada ya kongamano la Manchester la mwaka uliotangulia, akapanda meli kuja Mombasa. Margaret, aliyeachwa na miaka mitatu, sasa alikuwa na kumi na minane. Magana, aliyebaki Uingereza na mamake, alikuwa na mitatu.

Kitabu cha historia nilichosomea kiliipa miaka hii 15 mistari minne, yote kuhusu Kenyatta. Wahu hakutajwa. Aliishi hadi 2007, akawaona marais watatu, wa kwanza akiwa ni yule aliyemngoja tangu Mei 1931.