Django: maelezo ni sehemu ya kazi

Leo sitaandika msimbo. Nataka tuzungumzie jambo ambalo wanaprogramu wengi tunalikwepa: kuandika maelezo ya programu zetu. Kisa changu ni cha Django, ile fremuweki ya Python. Kwa asiyejua, fremuweki ni kiunzi cha tovuti kilichoundwa tayari. Mambo ya hifadhidata, fomu na nenosiri yameshashughulikiwa, nawe unajenga juu yake.

Django ilizaliwa katika gazeti. Mwaka 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za Lawrence Journal-World, gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani. Gazeti halingoji mtu. Likitaka sehemu mpya kwenye tovuti, linaitaka upesi. Wawili hao wakaacha PHP, wakahamia Python, na vipande walivyokuwa wakivirudiarudia wakavikusanya pamoja. Baadaye Jacob Kaplan-Moss akajiunga nao. Julai 2005 kazi yao ikatolewa kama programu huria, ikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt.

Wakati huo Django haikuwa peke yake. Ruby on Rails ilikuwa imetoka mwaka 2004 na ilikuwa ikivuma kila mahali. Ukiniuliza kwa nini mimi nilishika Django, sitakutajia kasi wala uzuri wa msimbo. Nitakwambia ni maelezo yake. Holovaty alikuwa amesomea uandishi wa habari, na tangu mwanzo maelezo yalikaa ndani ya mradi wenyewe, katika folda iitwayo docs, kama faili za maandishi ya kawaida.

Kwetu Kenya jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ya polepole na ghali. Saibani ulikuwa ukihesabu dakika. Lakini ukishapakua Django mara moja, maelezo yote umeyapata humo humo. Unayatia kwenye flashi, unaenda kuyasoma nyumbani bila mtandao. Aliyekuwa hana mtu wa kumwuliza akawa amepata mwalimu.

Kisha jamii ikaingia kazini. Holovaty na Kaplan-Moss walipokuwa wakiandika kitabu chao, The Django Book, waliweka sura kwenye wavuti kabla ya kuchapishwa, na wasomaji wakaruhusiwa kutoa maoni aya kwa aya. Kikachapishwa Desemba 2007. Toleo la 1.0 lilipotoka Septemba 2008, wenyewe walitangaza kwamba tangu toleo la 0.96 walikuwa wameongeza mistari 40,000 ya maelezo mapya. Yalikuwa yamepangwa upya pia: somo la anayeanza, maelezo ya mada, marejeo, na namna ya kutenda jambo fulani.

Nyuma ya haya yote kuna kanuni moja. Ukileta kiraka kinachoongeza kitu kipya, ulete pia majaribio na maelezo yake. Bila hivyo, kazi yako haijakamilika.

Mwaka 2014, huko Berlin, Ola Sitarska na Ola Sendecka walianzisha Django Girls, warsha za kuwafundisha wanawake kuunda tovuti. Somo lao halidhani kwamba unajua lolote. Linaanza na jinsi intaneti inavyofanya kazi. Liko wazi, yeyote anaweza kulirekebisha au kulitafsiri, na limeshatafsiriwa kwa lugha nyingi. Mwaka 2023 nasi tukafikiwa: mkutano wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar.

Leo Django inaweza kumwambia mtumiaji kwa Kiswahili kwamba amekosea kujaza fomu, kwa kuwa kuna watu waliojitolea kutafsiri jumbe zake fupi. Lakini wengi wetu tulijifunzia yale maelezo marefu kwa Kiingereza, huku tukiwa na kamusi mkononi, na wapo waliokata tamaa njiani ingawa akili ya kazi walikuwa nayo.

Kwa hiyo ukirekebisha hitilafu wiki hii, kabla hujafunga tarakilishi andika aya mbili kueleza ulichofanya. Ukiweza, ziandike kwa Kiswahili. Kuna mtu mahali fulani yuko peke yake, hana wa kumwuliza.