Ubelgiji: Nchi ndogo iliyodhaminiwa na wakubwa watano

Jina la Brussels likitajwa katika taarifa ya habari, mara nyingi ni kwa sababu ya NATO, jumuiya ya kujihami ambayo makao yake makuu yako katika mji huo mkuu wa Ubelgiji. Lakini kwa miaka 75, kuanzia 1839 hadi 1914, Ubelgiji haikuruhusiwa kufungamana kijeshi na nchi yoyote. Ilitakiwa isiegemee upande wowote vita vya wengine vinapozuka, na mataifa matano makubwa yaliweka saini kuwa wadhamini wake. Kuvunjwa kwa dhamana hiyo ndiko kulikoiingiza Uingereza rasmi katika Vita Vikuu vya Kwanza, na ni sehemu ya maelezo ya kwa nini askari kutoka Kongo walifika Tabora.

Uhuru wenye sharti

Ramani inaeleza mengi. Ubelgiji imekaa katikati ya Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, na ng'ambo ya bahari iko Uingereza. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni tambarare, njia rahisi ya kupitisha majeshi. Waterloo, mahali Napoleon aliposhindwa kwa mara ya mwisho mwaka 1815, pako humo.

Baada ya ushindi huo wakubwa waliiunganisha Ubelgiji na Uholanzi chini ya Mfalme William wa Kwanza, iwe ukuta dhidi ya Ufaransa. Muungano haukudumu. Wabelgiji walikuwa wengi kuliko Waholanzi lakini walipewa viti nusu kwa nusu bungeni; walikuwa Wakatoliki chini ya mfalme Mprotestanti. Agosti 1830 ghasia zilianza Brussels, na Oktoba 4 uhuru ukatangazwa.

Uingereza, Ufaransa, Austria, Prussia na Urusi zikakutana London. Kila moja iliogopa mwenzake asije akaimeza nchi hiyo mpya, hasa Ufaransa. Suluhisho likatangazwa Januari 1831: Ubelgiji iwe huru, lakini isiegemee upande wowote milele. Wabelgiji wenyewe hawakuulizwa kama wanapenda. Lilikuwa sharti, na kwa maoni yetu hilo ndilo la kukumbuka unaposoma yaliyofuata: wakubwa walikuwa wanalindana wao kwa wao kwanza.

Mfalme William alikataa, akapeleka jeshi Agosti 1831, na jeshi la Ufaransa likamrudisha. Ilichukua hadi Aprili 19, 1839 kwa Uholanzi kutia saini Mkataba wa London. Ubelgiji nayo ililipa: ilipoteza sehemu ya mashariki ya Limburg na sehemu ya jimbo la Luxembourg. Kifungu cha 7 cha mkataba kiliitamka kuwa dola huru lisiloegemea upande wowote milele.

Hiyo haikumaanisha nchi isiyo na silaha. Ubelgiji ilikuwa na jeshi, na baadaye ilijenga ngome kubwa kuzunguka miji ya Liège na Namur. Anayedai kutoegemea upande lazima aweze kumzuia anayetaka kupita shambani kwake.

Mdhamini mmoja au kikundi?

Mwaka 1867 utaratibu kama huo ulitumika tena, safari hii kwa Luxembourg, iliyokuwa inagombewa na Ufaransa na Prussia. Askari wa Prussia waliondoka na ngome yake maarufu ikabomolewa. Lakini maneno ya mkataba yalisema dhamana ni ya pamoja. Muda si mrefu serikali ya Uingereza ikaeleza bungeni kwamba, kwa tafsiri yake, hakuna mdhamini anayelazimika kuchukua hatua peke yake wengine wakikaa kando.

Aliye katika kikundi cha kukopeshana ataielewa hoja hiyo haraka. Watu watano wamemdhamini mwenzao kwa pamoja. Mmoja wa hao watano ndiye anayegeuka kumwibia. Je, wanne waliobaki wanadaiwa? Kwa tafsiri ya London, hapana. Dhamana ya namna hiyo inakufa siku ileile inapohitajika.

Kwa Ubelgiji mambo yalikuwa tofauti. Ufaransa na Prussia zilipopigana mwaka 1870, Waziri Mkuu William Gladstone alisaini mkataba na kila upande: atakayeingia Ubelgiji, Uingereza itaungana na mwenzake kumtoa. Vita vilifika Sedan, karibu kabisa na mpaka, lakini havikuuvuka.

Saa 12 za kujibu

Kufikia 1914 majenerali wa Ujerumani walikuwa na mpango wa kuishinda Ufaransa haraka kwa kupitia Ubelgiji. Agosti 2 waliikalia Luxembourg, na Uingereza haikuingia vitani kwa sababu hiyo. Saa moja jioni ya siku hiyohiyo balozi wa Ujerumani mjini Brussels aliwasilisha barua: turuhusuni tupite, mna saa 12. Mfalme Albert na mawaziri wake walikataa. Asubuhi ya Agosti 4 majeshi yakavuka mpaka.

Uingereza ilitaka yaondoke kabla ya saa tano usiku, saa za London. Hayakuondoka. Kansela wa Ujerumani, Theobald von Bethmann Hollweg, alikiri mbele ya bunge lake kwamba kilichofanyika kilikwenda kinyume na sheria za kimataifa. Jioni yake alimlalamikia balozi wa Uingereza: mnatupiga vita kwa ajili ya kipande cha karatasi? Maneno hayo yaliwaandama Wajerumani vita vizima. Uingereza ilikuwa na sababu nyingine pia. Haikutaka Ujerumani itawale pwani iliyo mkabala nayo. Lakini karatasi ile iliipa sababu ambayo wananchi wake waliielewa.

Wabelgiji hawakuokolewa nayo. Katika mji wa Dinant pekee, raia zaidi ya 600 waliuawa mwezi huohuo. Maktaba ya chuo kikuu cha Leuven iliteketezwa. Karibu nchi yote ilikaliwa kwa miaka minne.

Mpaka Ziwa Tanganyika

Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha mlango wazi kwa makoloni ya bonde la Kongo, kwa mipaka iliyofika hadi Bahari ya Hindi, yasihusishwe katika vita vya Ulaya. Agosti 1914 Ubelgiji ilijaribu kuutumia mlango huo kwa ajili ya Kongo. Haikufaulu. Agosti 8 manowari ya Uingereza ilipiga mizinga Dar es Salaam, na Agosti 22 meli ya Kijerumani ikaishambulia meli ya Wabelgiji huko Lukuga, leo Kalemie. Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji, askari wake wakiwa Waafrika na mizigo ikibebwa na maelfu ya wapagazi, liliingia Kigali mwezi Mei na Tabora Septemba 19. Baada ya vita, Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji.

Mwaka 1919, Mkataba wa Versailles ulitamka kwamba mikataba ya 1839 haiendani tena na hali. Ubelgiji ilisaini makubaliano ya kijeshi na Ufaransa, kisha mwaka 1936 ikajitoa tena upande, safari hii kwa hiari yake. Mwaka uliofuata Ujerumani ya Hitler iliahidi kuiheshimu. Ilivamia Mei 10, 1940, na jeshi la Ubelgiji likasalimu amri baada ya siku 18.

Luxembourg ilifuta kutoegemea upande katika katiba yake mwaka 1948. Aprili 1949, nchi hizo mbili zilikuwa miongoni mwa waanzilishi 12 wa NATO.